Mawe ya Kitale Yanatuhusu na Sisi

Tunapozungumza barazani juu ya ubaguzi wa rangi, aghalabu tunamtaja Mzungu. Tunamtaja Kaburu wa Afrika Kusini, tunamtaja Mmarekani, kisha tunakunywa kahawa yetu tukaridhika. Leo napenda tutazame karibu zaidi, huko Kitale na Bungoma, ambako mtu wa pwani alifika kabla ya Mzungu.

Kitale pana klabu iliyojengwa na walowezi. Kiwanjani pana mawe yaliyopangwa duara, na wenyeji husimulia kuwa hapo ndipo watumwa walipofungwa kabla ya misafara kuwateremsha pwani. Walowezi wakaja, wakapenda mahali, wakacheza gofu. Mtu mweusi aliyefikishwa hapo zamani kwa kamba, sasa hakuweza kuingia ila awe amebeba sinia. Walowezi wana lawama yao, naam. Lakini kamba ile hawakuifunga wao. Wenye misafara walivaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakajiita waungwana, na mwenye nchi wakamwita mshenzi.

Mtoto wa Kibukusu aliyezaliwa miaka ya 1920 alikuta Trans Nzoia imekwisha kukatwa mashamba ya Wazungu. Wakubwa wake walitembea na kipande kimening'inia shingoni, wakalima ardhi ambayo hawakuruhusiwa kuinunua. Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwafrika yake. Mtoto huyo alijua rangi yake kabla hajajua alifabeti.

Mmoja wao alikuwa Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili mwaka 1922. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cape Town, mwaka mmoja tu baada ya Makaburu kushika serikali na sera yao ya utengano. Angeweza kurudi na chuki tupu. Lakini mwaka 1961 chama cha KADU, ambacho yeye alikuwa mmoja wa viongozi wake, kiliunda serikali kwa msaada wa Wazungu wa Michael Blundell. Wako waliomlaumu, wala sababu zao hazikuwa za kipuuzi, maana ardhi ilikuwa bado mikononi mwa walowezi. Mimi naona alikuwa amejifunza kutenga dhuluma na rangi ya aliyeitenda.

Elijah Masinde, wa Kimilili vilevile, alishika njia nyingine. Dini yake ya Msambwa iliwataka wageni waondoke. Mwaka 1948, baada ya polisi kuwapiga risasi wafuasi wake Malakisi, serikali ilimhamisha. Wapi? Lamu! Mtu aliyechoshwa na wageni akapelekwa kukaa miaka zaidi ya kumi mbali na kwao, katika mji wa misikiti. Kwa hiyo habari zake ni za Lamu pia, na haifai mtoto wa kule amjue Fumo Liongo asimjue huyu.

Wala sisi hatukuwa juu ya mizani ya mkoloni. Baadhi ya wazee wetu walihangaika miaka mingi wasiandikwe wenyeji weusi, wahesabiwe pamoja na Waarabu, ili wapate shule na posho bora kidogo. Siwacheki. Njaa ina adabu yake. Ila mtu anayekimbia jina fulani hujifunza pia kumdharau aliyebaki nalo.

Dini haikutuachia udhuru. Sura al-Hujurat tunaisoma tangu chuoni. Yasimuliwa pia kuwa Abu Dharr alimtukana Bilal kwa weusi wa mama yake, na Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Na huyo alikuwa sahaba!

Mwalimu kutoka Bungoma akija kufundisha watoto wetu Kilifi au Lamu, mbele yake tunamwita mwalimu. Akipita, tunamwita nani? Nao wa bara wana maneno yao juu yetu, ya uvivu na uchawi. Hayo na yaandikwe na mwandishi wa kwao. Mimi naandika ya kwetu, nami naanza na lile neno moja la misafara, ambalo jioni hii litatamkwa tena katika baraza fulani na mtu aliyetoka kusali.