Mbwa wa Shamba Naye Aandikwe Katika Kitabu cha Koperative



Maharagi ya musimu B yanaanza kuingia nyumbani, barabara zinakauka, na watoto wanahesabu siku za likizo kubwa. Kwetu sisi waganga wa mifugo, kiangazi ni wakati wa kuzunguka vijiji na kasha la barafu. Koperative zinatuita kwa kazi tulizozizoea: kuku wachanjwe mbele kideri hakijafika, mbuzi wachanjwe, ng'ombe wapigwe dawa ya kupe. Hiyo ni akili nzuri, na tunawashukuru.

Lakini tunapofungua kitabu cha koperative ili kujua tulete dozi ngapi, tunakuta kuku, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, hata simbilisi wa watoto. Mbwa hayumo. Tukiuliza mbwa ni wangapi, watu wanaangaliana, kisha mumoja anacheka: "Ah, munganga! Na mbwa pia?"

Ndiyo, na mbwa pia. Sisi tunasema mbwa aandikwe katika kitabu, na achanjwe kila mwaka wakati wa kiangazi, kwa mupango wa koperative, si kwa mufuko wa kila mutu peke yake.

Mbwa ni mutumishi wa shamba. Mahindi yakianza kukomaa, yeye njo analala katika kibanda pamoja na mulinzi ili kufukuza nyani na nguruwe wa pori. Usiku anabweka mwizi akikaribia zizi la mbuzi. Anafuata mama shambani, anafuata mutoto mutoni. Mushahara wake ni mabaki ya bugali. Anaingia kila kiwanja, anajuana na kila mutoto, na anapigana na mbwa wa kijiji cha pili. Kwa hiyo ugonjwa ukitoka mahali pengine, yeye ni mulango wa kuingilia nyumbani mwetu.

Ugonjwa tunaousema ni kichaa cha mbwa, ule ambao wengi wanauita raje. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiri kwamba unaua watu karibu 59.000 kila mwaka, zaidi sana Afrika na Asia. Kati ya watu 10 wanaokufa nao, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Na karibu wote, 99 kwa mia, waliupata kwa mbwa.

Malaria ina dawa. Kolera ina dawa. Kichaa cha mbwa, kikishaonyesha alama zake kwa mutu, hakina dawa, mugonjwa anakufa. Lakini mbele alama hazijaonekana, kinazuilika. Shida ni kwamba mara nyingi unapita mwezi mumoja mupaka mitatu kati ya kuumwa na kuugua. Kidonda kimepona, mutoto anacheza, wazazi wamesahau. Mutoto aliyeumwa mwezi wa tisa anaweza kuanza kuogopa maji mwezi wa kumi na moja, na hapo hata hospitali kubwa haimurudishi.

Mifugo nayo haiponi. Mbuzi ao ng'ombe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kushikwa na ugonjwa uleule na kufa. Nyama yake haifai kuliwa, maziwa yake hayafai kunywewa, na yule anayemuchinja anajitia katika hatari.

Sasa, juu ya nini kiangazi? Tuna sababu nne, na zote munazijua wenyewe.

Ya kwanza ni barabara. Chanjo inapaswa kukaa kati ya digri 2 na 8 tangu frigo ya muji mupaka sindano. Mvua ikishaanza, pikipiki inakwama katika matope, barafu inayeyuka, na chanjo iliyopata joto haiaminiki tena.

Ya pili ni pesa. Baada ya mavuno nyumba nyingi zina franka kidogo mukononi. Mwezi wa tisa ukifika, kila franka inakwenda kwa mbegu, kwa jembe na kwa minervali ya watoto.

Ya tatu ni watoto wenyewe. Mbwa wa kijiji hajui kamba na hakubali mugeni amushike, lakini yule mutoto anayemupa chakula anaweza kumuita akaja. Wakati wa likizo watoto wako nyumbani. Ila mutu mukubwa aende naye: mutoto amuite mbwa, mukubwa amushike wakati wa sindano.

Ya nne ni nguvu ya chanjo. Mwili wa mbwa unahitaji karibu majuma matatu ao manne ili kujenga ulinzi. Mbwa aliyechanjwa mwezi wa saba anakuwa tayari mwezi wa tisa, wakati watoto wanarudi katika njia ya shule na wakubwa wanaamuka mapema kwenda kulima musimu A. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia juu ya kichaa cha mbwa, siku ambayo Louis Pasteur alikufa mwaka 1895. Ni vizuri kuikumbuka. Lakini kwetu siku hiyo mvua imeisha kuanza. Kazi inapaswa kuwa imeisha kufanyika.

Na juu ya nini koperative? Kwa sababu mutu mwenye mbwa mumoja hawezi kununua chupa ya dozi 10. Ikishafunguliwa inapaswa kutumika siku ileile, na ile inayobaki inatupwa. Hawezi pia kulipa pikipiki na barafu kwa mbwa wake mumoja. Lakini tuseme koperative yenu ina wanamemba 80 na mbwa 50: gharama ya safari inagawanyika kwa 50, na hakuna dozi inayomwagika.

Tena, ili ugonjwa ukose njia, inatakiwa mbwa karibu 7 kwa 10 wachanjwe katika eneo zima, na kazi irudiliwe kila mwaka, maana watoto wa mbwa wanazaliwa na mbwa wengine wanafika na wageni. Katika inchi yetu, ambamo watu wanakimbia vita na kuacha mbwa nyuma ao kutembea nao, jambo hili ni zito zaidi. Hakuna jamaa moja inayoweza kufikisha 7 kwa 10. Koperative inaweza, kwa sababu inajua nyumba zote.

Tuangalie Chad, inchi ambayo haituzidi utajiri sana. Katika muji wake mukubwa, N'Djamena, kulifanyika kampeni mbili, mwaka 2012 na mwaka 2013, na zaidi ya mbwa 7 kwa 10 walichanjwa bure. Ugonjwa ulikatika kati ya mbwa wa muji kwa miezi kadhaa. Kisha ukarudi, na uchunguzi ulionyesha kwamba ulitoka pembeni ya muji. Kwetu hiyo inafundisha mambo mawili. Kazi inawezekana. Na koperative moja isiifanye peke yake. Iongee na ile ya ng'ambo ya muto.

Tunajua yale ambayo wengine watasema katika mukutano. "Pesa ya koperative ni ya mazao, si ya mbwa." Tunawajibu kwa hesabu. OMS inakadiri kwamba kumutunza mutu mumoja aliyeumwa kunagharimu wastani wa dola 108, tukiweka ndani safari na siku za kazi zilizopotea. Chanjo ya mutu inapigwa mara kadhaa, na mara nyingi haipatikani katika kituo cha afya cha kijiji. Inabidi kupanda gari mupaka muji, kisha kurudi tena. Pesa hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa mbuzi anayeuzwa haraka kwa bei ya chini, ao kwa mukopo wa AVEC uliokuwa wa kununua mbegu. Kwa hiyo koperative inalipa tayari juu ya mbwa. Inalipa kwa kuchelewa, na kwa bei kubwa.

Wengine watasema: "Tuue mbwa wote, tumalize." Neno hilo tunalisikia zaidi baada ya mutoto kuumwa, na hasira yake tunaielewa. Lakini kuua hakumalizi. Wenye mbwa wanawaficha, ao wanawapeleka kwa ndugu katika kijiji cha pili, na ugonjwa unasafiri nao. Mahali palipobaki wazi panaingia mbwa wengine wasiojulikana. Hata wale waliochanjwa wanauawa, na kazi ya mwaka muzima inapotea. Na mahindi yanabaki bila mulinzi.

Mbwa mwenye alama, huyo ni jambo lingine. Mbwa mupole anakuwa mukali bila sababu, ao mukali anakuwa mupole ovyo. Anatokwa na mate mengi, sauti inabadilika, anauma miti na mawe, taya linalegea kama mutu aliyekwamwa na mufupa, miguu inakosa nguvu. Musimuguse, musimutie mukono kinywani kutafuta mufupa. Ingizeni watoto nyumbani na muiteni mutumishi wa mifugo wa serikali. Akifa, asiliwe na asitupwe mutoni. Azikwe chini sana, na yule anayemubeba asimushike kwa mikono mitupu.

Wengine tena wanategemea jiwe nyeusi, majani ao maombi. Hatumukatazi mutu kuomba. Lakini aombe akiwa njiani kwenda kituo cha afya, na kidonda kiwe kimeisha kuoshwa. Jiwe halivuti virusi vya ugonjwa huu. Kazi yake ni kupoteza saa tu.

Mutu akiumwa, ao akikwaruzwa, ao mate ya mbwa yakiingia katika kidonda chake, fanyeni hivi. Osheni mahali pale mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Si kumwagia maji kidogo na kufunga. Musiweke majivu, mafuta ao majani. Nendeni kituo cha afya siku ileile, hata kidonda kikiwa kidogo sawa alama ya ukucha. Mbwa akionekana muzima, na kama munaweza kumufunga bila hatari, musimuue; mumuangalie siku 10. Akibaki muzima, hiyo ni habari nzuri kwa munganga. Akibadilika, akifa ao akipotea, munganga ajulishwe haraka. Lakini musingoje siku hizo 10 ziishe ndipo mupeleke mutoto.

Basi tunaomba mambo manne yaingie katika mukutano mukuu unaokuja. Katibu, akisaidiwa na nyumbakumi, ahesabu mbwa na paka wote, hata wale wa nyumba zisizo za wanamemba, maana ugonjwa hauulizi kadi ya memba. Wanamemba wakate mauzo ya maharagi kidogo kwa ajili ya chanjo, kila mutu kwa uwezo wake, na kamati isome hesabu mbele ya wote. Siku moja ya salongo iwekwe katika mwezi wa saba, itangazwe kanisani, musikitini na sokoni, na kila mbwa aliyechanjwa apewe kadi na kamba ya rangi shingoni. Na koperative jirani ialikwe kufanya vilevile juma lile lile.

Siku hiyo tutaongea pia juu ya shida mbili zingine za kiangazi. Vijito vinakauka, na mbwa aliyefungwa muchana kutwa bila maji anateseka. Awekewe maji kivulini. Tena, baada ya mavuno watu wengi wanaweka sumu ya panya katika gala. Mbwa na paka wanakula panya aliyekufa na sumu, nao wanakufa, na mwaka unaofuata panya wanakuwa wengi zaidi. Sumu iwekwe mahali ambapo paka, kuku na watoto hawafiki, na panya waliokufa waokotwe asubuhi na kuzikwa. Paka naye aletwe kwa chanjo, kwa vile kichaa kinamushika yeye pia.

Hatuombi mbwa apendwe kuliko mbuzi. Tunaomba apewe mustari mumoja katika kitabu na sindano moja kwa mwaka, ili mutoto anayemuita jioni kwa jina asiugue kwa sababu yake. Mutuite mbele mwezi wa sita haujaisha, mukiwa na hesabu ya mbwa mukononi. Sisi tutaleta barafu.