ELIMU YA NYUMBANI: Sukari Inapopungua Katika Damu ya Mtoto Mchanga

Mtoto awapo tumboni haoni njaa. Usiku na mchana, sukari itokayo katika damu ya mama humfikia kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu. Kitovu kikisha kukatwa njia hiyo hufungwa, naye hutegemea akiba ndogo iliyomo mwilini mwake. Ndiyo sababu katika saa mbili za kwanza sukari ya damu hushuka. Kwa mtoto mzima hupanda tena; kwa wengine huzidi kushuka, na ubongo waweza kudhurika daima.

Wanaostahili kuangaliwa zaidi ni waliozaliwa kabla ya juma la 37, wenye uzito usiofika kilo 2.5, waliochelewa kupumua, waliopatwa na baridi, na watoto wa akina mama wenye ugonjwa wa kisukari. Hawa wa mwisho mara nyingi huzaliwa wanene, na majirani huwasifu kwa afya. Kumbe miili yao, iliyozoea sukari nyingi ya mama, huendelea kutoa insulini nyingi, nayo huiteremsha sukari upesi.

Dalili ni kutetemeka, kulegea, kulia kwa sauti hafifu, kukataa ziwa, mwili kuwa baridi, kusita kupumua na degedege. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote, hivyo mkunga hutoboa kisigino na kupima tone la damu.

Kinga imo mikononi mwa mama. Mtoto akaushwe, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na anyonye katika saa ya kwanza. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yasimwagwe: ndiyo chakula chake hasa. Asipewe maji, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa, anyweshwe kwa kikombe.

Aliyelegea asiamke, au mwenye degedege, asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali mara moja, akiwa kifuani mwa mama ili asipoe. Huko atatiwa maji ya sukari mshipani.

Askari aweza kuwa lindoni siku mkewe ajifunguapo. Basi na apange safari ya hospitali mapema, na mafundisho haya yajulikane kwa wote watakaobaki nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.