Fomu Haina Chama

Kila uchaguzi unapokaribia Kenya, wimbo ni uleule: mashirika ya kiraia ni upinzani uliojificha, na mlipaji wake ni mzungu. Wanaouimba zaidi ni walio madarakani. Ajabu ni kwamba baadhi yao wamekula matunda ya kazi hiyohiyo wanayoitukana.

Mwaka 2016 wanaharakati Maina Kiai, Khelef Khalifa wa Mombasa na Tirop Kitur walikwenda mahakamani na swali lililoonekana la makarani: matokeo ya urais yakishatangazwa na msimamizi wa eneobunge, je, tume ya uchaguzi, IEBC, inaweza kuyabadilisha Nairobi? Aprili 2017 Mahakama Kuu ikasema haiwezi. IEBC ikakata rufaa, na Juni ikashindwa tena. Katikati ya Agosti, siku chache tu baada ya kura, bodi ya serikali ya mashirika ya kiraia ikatangaza kulifutia usajili shirika la haki za binadamu la KHRC na kutaka shirika la AfriCOG lifungwe. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta na naibu wake, William Ruto. Fomu za matokeo zilikuwa katikati ya mabishano. Jubilee, chama chao, walikasirika, na wanaharakati wakazidi kuitwa vibaraka.

Haya, njoo 2022. Fomu za matokeo (34A) za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi mtandaoni, mwenye simu na subira ajumlishe mwenyewe. Makamishna wanne wa IEBC wakayakana matokeo hadharani, na kesi ikafika tena Mahakama ya Juu. Fomu zilipolinganishwa, hazikuonekana tofauti za maana, na ushindi ukabaki. Wa nani? Wa Ruto. Matokeo ya mashinani yaliyopiganiwa na wale "vibaraka" ndiyo yaliyomsimamisha.

Kuhusu pesa za wafadhili, sawa, zijadiliwe, na zile semina za hotelini zisizokwisha zijadiliwe pia. Ila asianze mjadala huo waziri ambaye bajeti yake mwenyewe inasubiri mkopo wa Washington.

Ukitaka kosa halisi la mashirika haya, litafute baada ya uchaguzi wa 2002. Muungano wa upinzani wa NARC uliposhinda, wanaharakati kadhaa waliingia serikalini, wenzao waliobaki nje wakawaonea haya marafiki, na makali yakapungua. Hapo ndipo walipokaribia kweli kuwa tawi la chama, na siku hizo hakuna mkubwa aliyewaita vibaraka.