Mazingaombwe Hayanunuliwi kwa Bando

Siku hizi ukimshauri kijana anayependa mazingaombwe aanze na sarafu na karata, anakuona umepitwa na wakati. Ya nini kuhangaika miezi kadhaa kujifunza kuficha sarafu kiganjani, na huku kuna programu ya simu inayotabiri karata, nyingine inayotaja namba uliyoifikiria, na nyingine inayojua ulichotafuta Google kabla hujakitamka? Unalipia mara moja, unapakua, unasoma maelekezo usiku, kesho uko mbele ya watu. Rai hii imeenea, na wanaoishikilia si wavivu wala wajinga. Nataka kuijibu kwa sababu mchezo huu naupenda, na kwa sababu naona inakosea mahali ambapo wengi hawapatazami.

Kwanza niitendee haki. Watetezi wa programu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba chombo bora cha mazingaombwe ni kile ambacho mtazamaji anakishika kila siku. Zamani kilikuwa leso, kofia au saa ya mfukoni. Leo ni simu. Anayetoa sanduku lililochorwa nyota na mwezi anajitangazia mwenyewe kwamba ndani mna hila, ila anayetoa simu hatangazi kitu. Ya pili ni kwamba sanaa hii imekula teknolojia mpya tangu zamani. Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa wa Ufaransa aliyefungua ukumbi wake jijini Paris mwaka 1845, alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto aliweza kulinyanyua, na punde si punde mwanamume mwenye misuli akashindwa hata kulisogeza. Siri ilikuwa sumaku ya umeme. Mwaka 1856 serikali ya nchi yake ilimtuma Algeria na maajabu hayo, ili wenyeji waone kwamba uwezo wa Wafaransa unapita wa viongozi wao wa kidini. (Kwamba mchezo wa kufurahisha watu uligeuzwa silaha ya ukoloni ni aibu inayostahili makala yake.) Basi, wanauliza, kama yeye aliruhusiwa sumaku, sisi tunakatazwaje simu?

Hatukatazwi. Lakini kisa hicho kina nusu ya pili isiyosimuliwa sana. Sumaku ya umeme ilipoanza kufahamika kwa watu, Robert-Houdin hakuendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Alipitisha kamba kwenye kapi lililoning'inia juu, akafunga kasha kwenye ncha moja, akampa mtazamaji ncha ya pili aishike. Ghafla kasha likawa zito, likashuka, na mtazamaji akanyanyuliwa miguu ikaacha sakafu. Aliyekuwa akiwaza sumaku iliyofichwa chini ya jukwaa akapotea njia, maana kasha lilikuwa hewani. Yaani Robert-Houdin alipima kwanza watazamaji wake wanajua nini, kisha akaujenga mchezo dhidi ya ujuzi huo. Anayetegemea programu hufanya kinyume. Anachukua kifaa ambacho kila mtu anaamini kinaweza lolote, anakiweka katikati ya mchezo mbele ya macho ya wote, halafu anangoja washangae.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote, nayo haihusiani na simu kuharibika. Hujitokeza hata simu ikifanya kazi bila kosa. Juan Tamariz, bingwa wa karata wa Hispania, ameijengea nadharia nzima: mwanamazingaombwe anapaswa kuzifunga njia zote ambazo akili ya mtazamaji inaweza kupita kutafuta maelezo, zikiwemo zile za uongo. Jibu la mtazamaji si lazima liwe sahihi. Akishapata jibu lolote la kumtuliza, mshangao umekwisha. Na simu inapokuwa mkononi mwako, jibu hilo analo kabla hujaanza.

Nililiona hili kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto mmoja Dar es Salaam. Kijana mchangamfu, mwenye sauti nzuri ya jukwaani, aliweka simu yake kifudifudi mezani, akamwomba shangazi wa mtoto ataje karata yoyote. "Saba ya kopa." Akamwambia aigeuze simu mwenyewe. Kwenye kioo karata zote zilikuwa zimelala kifudifudi, ila moja tu iliyofunuliwa, saba ya kopa. Hakuna kilichokwama. Shangazi akatabasamu, akamrudishia simu na kusema, "Simu za siku hizi zina mambo!" Sifa yote ikaenda kwa simu. Baadaye kijana huyo huyo aliokota sarafu ya shilingi 200 iliyokuwa kando ya sahani ya keki, akaipoteza kiganjani (kwa kweli si kwa ustadi mkubwa, kidole gumba kilimkakamaa), akaitoa nyuma ya sikio la mtoto. Watoto wakampanda. Mmoja akamkunjua mkono wa shati, mwingine akamfungua vidole kimoja kimoja. Hakuna aliyeisifu sarafu.

La pili ni macho. Mwaka 2006 Gustav Kuhn, mtafiti ambaye pia ni mwanamazingaombwe, alichapisha jaribio pamoja na Michael Land. Mwanamazingaombwe anarusha mpira mdogo juu na kuudaka, kisha mara nyingine tena. Mara ya tatu anafanya ishara ya kurusha tu, na mpira umebaki kiganjani. Alipousindikiza mrusho huo wa uongo kwa macho yake, asilimia 68 ya watazamaji walisema wameuona mpira ukitoka mkononi na kupanda. Alipoyaacha macho yakitazama mkono, waliosema hivyo walishuka hadi asilimia 32. Mkono ulifanya jambo lile lile, na uso ndio uliowafanya watu waone kisichokuwepo. Sasa mtazame anayecheza kwa programu. Macho yake yako kwenye kioo, anasubiri kiduara kiache kuzunguka, anatafuta pale pa kugusa kwa siri. Silaha yake kubwa ya kuzugia watu ameielekeza chini, na wanaomtazama, kama walivyo binadamu wote, wanatazama anakotazama yeye. Akiwaambia wasiitazame simu atakuwa amechelewa.

Wapo watakaonijibu kwamba hata siri ya mkono inajulikana, video za kuifichua zimejaa mtandaoni, kwa hiyo mkono na programu ni sawa. Hapa nakataa kabisa. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu cha kupinga mateso ya watu walioshutumiwa uchawi, na humo akaeleza waziwazi jinsi ya kuficha mipira, sarafu na karata mkononi, ili asomaye ajue kwamba vitu hivyo havihitaji shetani. Zaidi ya miaka 400 baadaye, kuficha sarafu kiganjani bado kunawapata watu. Linganisha na iBeer. Mwanamazingaombwe Steve Sheraton aliitoa mwaka 2008, duka la programu la Apple lilipofunguliwa: kioo cha simu kinajaa bia yenye povu, unakiinamisha mdomoni, bia inapungua kama inayonyweka. Ilipendwa mno, na kupendwa huko ndiko kulikoimaliza kama mazingaombwe. Wote walipokuwa nayo mfukoni, ikawa utani wa kuchekesha baani. Siri ya programu ndiyo mchezo wenyewe, kwa hiyo aliyeinunua anayo yote. Siri ya mkono ukishaijua, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wale matapeli wa karata tatu Kariakoo, au pata potea kama wanavyoitwa Nairobi, ni wezi na siwapigii debe, lakini ni ushahidi. Mji mzima unajua kwamba unaibiwa, na bado jicho linaifuata karata ambayo siyo.

Kuhusu kuharibika kwa vyombo nitapita haraka, maana kila mwenye simu anayajua. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima kwa saa kama sita. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari ziliharibika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Septemba 2017 Apple ilitoa iOS 11, na programu za zamani ambazo hazikuandikwa upya zikakoma kufunguka, hata kwa aliyezilipia. Hapo sijataja chaji, bando, wala simu ya mama inayoingia katikati ya utabiri. Mtetezi atasema mkono nao hukosea. Ni kweli, na wangu umekosea mbele za watu. Tofauti ni kwamba mkono unapokosea, mwenye mkono ndiye anayejua wa kwanza. Karata ikiteleza, nahisi kwa ncha ya kidole, na kwa kuwa sikuwaambia watu mwisho wa mchezo utakuwaje, nageuza njia na hakuna anayejua kwamba kulikuwa na njia nyingine. Programu inapokosea, mwenye simu hujua pamoja na watazamaji wake, pengine baada yao.

Limebaki jambo moja ambalo kwetu huku lina uzito wa pekee. Michezo mingi ya programu haitaki simu yako bali ya mtazamaji: afungue kioo, aingie tovuti fulani, aandike jina la anayempenda, au ashuhudie ukiitaja namba yake ya siri. Mahali ambapo simu ni ya kupigia picha tu, labda ni utani. Lakini tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu ya mwenzetu ndiyo pochi yake, mara nyingi na benki yake, na namba nne za siri ndizo kufuli. Watu wale wale wamezoea kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wamefundishwa kwa maumivu kutompa mgeni simu iliyofunguliwa. Wewe unataka wakupe, tena wakicheka. Wanaokubali hukutazama vidole kwa hofu, na hofu haikai pamoja na mshangao. Ukifanikiwa kuitaja namba ya mama wa watu mbele ya ukumbi, utapigiwa makofi, na yeye usiku huohuo atakuwa anabadilisha namba. Isitoshe, alichokiandika kwenye tovuti ile kimepita kwenye mitambo ya mtu ambaye yeye hamjui, na pengine wewe pia humjui. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Lakini hata bila sheria, mgeni aliyekuja kufurahi hakuja kuvuliwa siri zake.

Najua watanitajia Marco Tempest wa Uswisi, ambaye mwaka 2011 alipanda jukwaa la TED na iPod tatu akawaacha watu midomo wazi. Namkubali bila kinyongo. Ila mtazame vizuri. Vifaa vyake viko wazi tangu sekunde ya kwanza, wala hajidai kwamba havina kitu. Picha zinaruka kutoka kioo hadi kioo zikifuata mikono yake na masimulizi yake kuhusu ukweli na uongo, kwa mpigo ambao haupatikani bila mazoezi marefu. Hakuegemea programu kama gongo. Ukiweza kufanya hivyo, makala hii haikuhusu.

Kwa anayeanza na tayari amelipia programu zake, simwambii azifute. Namwomba aupange upya mchezo wake. Afungue kwa kitu alichoazima, sarafu au pete, watu waone kwanza mikono yake inaweza nini. Mchezo wa simu uje wa tatu au wa nne, uwe mmoja tu, na kwa simu yake mwenyewe. Kabla ya kwenda kwenye shughuli, aiweke simu kwenye hali ya ndegeni na kuujaribu mchezo wote mwanzo hadi mwisho. Programu itakayogoma bila mtandao aiache nyumbani.