Samaki Aliyeumia Hahitaji Famasi, Anahitaji Kula

Komenti iliyopata like nyingi zaidi kwenye video yangu ya mwisho ilikuwa hii: "Buda, si umpake ndimu umkaange tu?" Nilicheka, sitadanganya. Mimi ni mtu wa Mombasa, samaki wa kupaka nala kila wiki. Lakini huyu si wa sufuria. Ni kangaja wa samawati, yule mwenye mwili wa buluu kama mbingu ya Januari, uso mweusi na pezi la njano mgongoni, na aliumia kwa sababu yangu. Leo naandika badala ya kurekodi. Mtaona mbona.

Kwa wageni wa ukurasa huu: wapiga mbizi wa Kwale, kule Shimoni na vijiji jirani, wamekuwa wakivua samaki wa mapambo miaka mingi. Wengi hupandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani (samaki, sio wapiga mbizi). Wachache hubaki kwa watu kama mimi, wenye tangi sebuleni na mama anayeuliza kila mwezi hiyo stima inakunywa na nani.

Kila anayefuga samaki wa maji chumvi anaijua sheria ya kwanza. Mgeni hukaa karantini, tangi lake peke yake, wiki kadhaa, mpaka uone anakula na hana ugonjwa. Mimi niliijua na nikairuka. Nilitaka video ya mgeni akiingia tangi kubwa, taa zote zimewaka, muziki nishachagua. Ndani mlikuwa na mwenyeji, kangaja mwenye mistari, mkubwa kumzidi. Sasa kangaja ana kisu kila upande wa shina la mkia, chembamba, kinakunjuka kama kisu cha mfukoni. Mwenyeji alimpitishia ubavuni mara mbili. Mgeni akakimbia, akajibamiza mdomo kwenye kioo. Halafu mimi, kwa kiherehere, nikamnasa kwa wavu, kisu chake mwenyewe kikashika nyuzi, nikivuta nikamchana pezi. Kangaja hanaswi kwa wavu ikiwa una njia nyingine. Unamsukumia taratibu kwenye chombo cha plastiki, unamtoa pamoja na maji yake. Hilo pia nililijua.

Video niliifuta. Najua kuna walioihifadhi.

Basi akaingia karantini: tangi la lita 80, chini hamna mchanga, filta ya sponji iliyotoka dukani siku hiyo hiyo. Na simu yangu ikajaa madaktari. Mweke shaba. Mweke kitunguu saumu. Mweke tetrasaiklini, ile ya vidonge, fungua umwage. Nikamwaga. Maji yakageuka kahawia, povu likapanda, na samaki akajibana kwenye kona akipumua kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nane. Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakula. Ya tatu tumbo lilikuwa limeingia ndani.

Hapo ndipo nilipompigia mzee mmoja wa Shimoni aliyezeeka kwenye kazi hiyo ya kupiga mbizi. Nikamsalimu, nikamweleza yote, nikaanza kumtajia dawa.

"Sikukuuliza dawa, mwanangu," akanikata. "Anakula?"

"Hapana, mzee."

"Kule chini alikuwa akila nini?"

"Mwani."

"Saa ngapi?"

"Kutwa nzima."

"Haya. Na hiyo taa uizime. Nani anakula mbele ya watu akiwa mgonjwa?"

Akakata simu. Kusema kweli nilikasirika kidogo, maana nilitaka jina la chupa. Lakini alichosema ndicho ninachokitetea hapa: samaki aliyeumia, kabla ya dawa yoyote, anahitaji maji safi, giza na chakula anachoweza kukila kwa mdomo alionao. Sisi tunaanza na chupa kwa sababu kumwaga chupa kunaonekana kwenye video. Kubadilisha maji, nani ataangalia?

Nielezee kidogo, maana nimesoma sana usiku huo kuliko nilivyosoma KCSE. Samaki wa bahari anaishi ndani ya maji yenye chumvi nyingi kuliko mwili wake. Kila wakati maji yanamtoka kupitia matamvua na ngozi, na yeye anakunywa bahari ili kufidia, halafu anatumia nguvu kuitoa chumvi. Ukimchana ngozi umemfungulia tundu jingine la kupotezea maji. Kwa hivyo yule aliyetulia pale kona hapumziki tu. Anafanya kazi ngumu, na kazi inataka chakula. Kidonda chenyewe mara nyingi hujitahidi bila wewe: chembe za ngozi ya samaki husogea haraka kufunika jeraha dogo, na ute wake unasaidia kuzuia vijidudu. Lakini hawezi kujenga nyama kwa tumbo tupu.

Sasa hiyo tetrasaiklini yangu. Maji ya bahari yamejaa kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo huishika dawa hiyo, nguvu yake ikapungua sana. Yaani nilikuwa nimemwekea rangi. Shaba nayo ina kazi yake, inaua vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe, lakini haizibi kidonda, na inajulikana kuwakata samaki hamu ya kula. Umpe samaki asiyekula kitu cha kumzuia kula? Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: ukishaweka shaba, mawe yanainyonya, na huwezi tena kuyarudisha penye matumbawe au kamba. Nashukuru hiyo sikuiweka, maana jiwe ndilo lililomwokoa.

Ilikuwa hivi. Baada ya kubadilisha karibu maji yote, mos mos, kwa maji yenye joto na chumvi ileile, nilifunika vioo vitatu kwa magazeti, nikaweka kiwiko cha bomba la fundi ili apate pa kujibana, nikazima taa. Kangaja usiku hulala amejibana kwenye nyufa, ukimwacha kwenye boksi tupu la kioo ni kama kumlaza mgonjwa katikati ya stendi ya matatu. Nikafunga mwani kwenye jiwe kwa mpira. Akausogelea! Akaugusa kwa mdomo, akarudi nyuma. Akaugusa tena, akaachia.

Hapo nilikaa chini nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nimnunue. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba na umechubuka. Mwani unataka kushikwa na kuchanwa. Hakuwa amekataa chakula, alikuwa anaumia akikishika. Tofauti hiyo ni kubwa, wadau, na sidhani utaiona ukiwa umeshika simu.

Nikaenda tangi kubwa nikatoa jiwe moja lililojaa ule utando laini wa kijani ambao kila wiki nauparuza kwa hasira. Nikampelekea. Utando hauchanwi, unapanguswa tu. Asubuhi ya siku ya tano nilikuta alama ndogo ndogo juu ya jiwe, kama mtu amefuta vumbi kwa kidole. Nilipiga kelele mama akafikiri tumeibiwa. Na jiwe lile lilikuja na faida nyingine: lina bakteria wanaokula uchafu, wale ambao filta yangu mpya haikuwa nao hata mmoja.

Baadaye nikaongeza atemia, wadudu wa maji chumvi wadogo kama nukta. Unaangua mayai yao kwenye chupa ya soda iliyokatwa, maji ya chumvi, hewa ikichemka ndani, siku moja hivi wanatoka. Wanaogelea kwa kurukaruka, na samaki aliyesahau kula akiona kitu kinacheza mbele ya pua yake mara nyingi hudaka bila kufikiri. Wape wakiwa wametoka tu kuanguliwa, kila saa zikipita wanapungua lishe. Kisha kamba wa sokoni, aliyegandishwa kwanza, nikamkwaruza kama nazi. Kangaja ni mla mwani lakini mgonjwa hachaguliwi sahani. Kitunguu saumu nilijaribu pia, sikuona tofauti, nyumba tu ndiyo ilinuka.

Lakini hapa ndipo watu wanapoua samaki kwa mapenzi. Chakula kisicholiwa kinaoza, kinakuwa amonia, na kwenye maji ya bahari, kwa sababu pH yake iko juu, karibu 8, sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu kuliko kwenye maji baridi. Tangi dogo na filta changa, ukimwaga kiganja cha kamba kwa huruma, kesho unamzika. Mimi nilikuwa nampa kijiko cha chai, nasubiri dakika 10 nikiwa nimekaa mbali, nanyonya mabaki kwa mpira mwembamba. Mara nne au tano kwa siku. Na kila siku robo ya maji inatoka, siku nyingine nusu, kipimo cha amonia kikionyesha hata kijani kidogo. Kazi yenyewe ni hiyo. Madumu. Mgongo. Sakafu yenye chumvi.

Chumvi niliishusha kidogo, kutoka 1.025 hadi 1.020 kwa siku mbili, kumpunguzia ule mzigo wa kupoteza maji. Wafugaji wengi hufanya hivyo. Usifanye kwa kukisia, uwe na kipimo.

Usiku wa siku ya saba stima ikapotea. Pampu kimya. Tangi la lita 80 bila hewa, samaki mmoja mgonjwa, joto la Mombasa, na maji ya joto hayashiki hewa nyingi. Pampu yangu ya betri ilidumu mpaka saa sita. Baada ya hapo nilikaa na jagi, nachota nikimwagia kutoka juu ili maji yavute hewa, nachota, namwaga, mpaka saa tisa na nusu. Dada yangu alinishikia zamu. Hakuna aliyerekodi, na kama kuna video iliyostahili kutazamwa mwaka huu ni ya dada yangu akimwimbia samaki taarabu gizani akiwa ameshika jagi la chai.

Kuna wanaosema ningemwacha palepale tangi kubwa, kumhamisha ni kumtesa mara mbili. Siwapingi moja kwa moja. Kama samaki ana mchubuko mdogo, anakula, na hakuna anayemfukuza, mwache. Karantini ya haraka haraka, yenye maji machafu, ni mbaya kuliko kidonda. Lakini huyu alikuwa akiwindwa, na aliye mbioni hali.

Na sisemi dawa ni uongo. Kidonda kikizidi kuwa chekundu, kikivimba, kikiota kitu cheupe kama pamba, macho yakifunga ukungu, hapo tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki, akupe dawa sahihi na kipimo chake. Ninachokataa ni ile ya kumwaga antibiotiki kwa kubahatisha kwa sababu mtu wa komenti namba 14 alisema ilimsaidia binamu yake. Maji hayo ya dawa mwishowe unayamwaga kwenye mtaro, na mtaro wa kwetu unajua njia ya baharini.

Kwa wale wa "ni samaki tu": sawa, ni samaki tu. Alikuwa kwenye mwamba wake akila mwani, mtu akashuka kumchukua kwa sababu mimi nililipa. Sikulazimishwa kumnunua. Kangaja wa samawati ni mgumu hata kwa waliobobea, anataka nafasi kubwa na anashikwa na madoa meupe haraka, na kama ningekuwa mkweli na nafsi yangu ningenunua samaki mwepesi zaidi. Ila nishamnunua. Deni ni langu.

Leo ni siku ya 19. Pezi limeanza kuota ukingo mwembamba unaopitisha mwanga. Ubavuni kumebaki mstari wa kijivu. Mdomo umenyooka, na tangu juzi anachana mwani kwenye jiwe kwa kuutingisha kichwa, kwa fujo, mpaka mpira unaachia. Tumbo limejaa. Nikipita anatoka kwenye bomba kuniangalia, na nikinyanyua simu anarudi ndani. Nimejaribu mara mbili, samahanini. Sitajaribu tena.

Kwa hivyo wanaouliza video ya mwendelezo, haipo. Akihamia tangi kubwa (na yule wa mistari nishampatia mtu mwenye tangi lake peke yake) nitafikiria. Sasa hivi ni saa mbili usiku, kuna dumu mbili zinanisubiri mlangoni, na mama anataka kupita.