Kijana, usimalize hela ya mavuno kwenye pikapu

Kila vitunguu na nyanya vikipata bei, vijana wa miaka 18 na 19 huanza kuulizia pikapu. Wazee wengi huwakataza: "Mkweche utakufilisi." Mimi siwakatazi. Pikapu kuukuu inaweza kumtoa kijana, ila kwa sharti moja: theluthi ya hela yako ibaki mfukoni siku unapokabidhiwa ufunguo.

Tuseme una milioni 12. Tafuta gari la milioni 8. Najua kwa milioni 12 utapata lenye rangi inayong'aa na viti vipya, lakini gari la zamani lina matengenezo yanayokusubiri, na yatakuja kabla hujavuna tena. Asiye na akiba huuza shamba au hulipaki gari chini ya mwembe.

Fanya hesabu ya kazi kwanza

Sokoni kwako ni kilometa 90? Kwenda na kurudi ni 180. Gari likitumia lita 1 kwa kilometa 9, hiyo ni lita 20 za dizeli kila safari. Ongeza oili, tairi na bima, kisha linganisha na nauli unayolipa sasa kusafirisha mzigo. Kama mzigo wako ni safari nne kwa mwaka, endelea kukodi, mdogo wangu. Kama majirani nao wana mizigo ya kukupa, hapo kuna biashara, na uulize LATRA kuhusu leseni ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo.

Vitu viwili ambavyo akiba haiponyi

Tairi, breki, klachi, rejeta, hata injini, vyote hubadilishwa. Chesi na kadi ndivyo vitakavyokuumiza.

Lala chini ya gari. Angalia chesi sehemu ya nyuma, juu ya ekseli na pale springi zinaposhikilia. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito na kubomoka. Ukikuta chesi imeungwa kwa kuchomelea, au imepakwa rangi nyeusi mbichi siku chache kabla ya kuuzwa, ondoka. Gari lililobeba samaki au lililokaa Pwani likague mara mbili, maana chumvi haina huruma na chuma.

Kisha kadi. Jina lililo kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia, naye aje na kitambulisho chake. Namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma, mbele karibu na tairi, ilingane na ya kwenye kadi. Namba ya injini vilevile. Angalia kwa namba ya gari kama lina deni la faini za barabarani. Andikianeni mkataba mbele ya wakili, mwende TRA kubadilisha umiliki, na usimalizie malipo kabla ya hapo. "Kadi ipo kwa mjomba, nitakuletea" ni maneno ya kukufanya urudi nyumbani na hela yako.

Kama hujafikisha miaka 18, subiri. Leseni ya gari hupati, na mkataba wako utakuwa na utata.

Injini: sikiliza ikiwa ya baridi

Fika asubuhi bila kutangaza saa. Gusa boneti, ikiwa ya moto, wameshaliwasha kukuficha jambo. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu unamaanisha inaunguza oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, shuku maji kuingia kwenye silinda. Mweusi mara nyingi ni nozo, pampu au chujio la hewa, na hayo yanatengenezeka.

Kwa shamba napendelea Toyota Hilux za dizeli zenye injini ya 2L, 3L au 5L zisizo na tabo. Pampu yake haitegemei kompyuta, na mafundi wengi wa vijijini wanaifahamu. Lakini ina mkanda wa taimingi. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Muuzaji asipokuwa na uthibitisho wa lini ulibadilishwa, badilisha wiki ya kwanza. Hapo ndipo akiba inapoanza kazi, kisha breki, kisha tairi.

Lipa fundi wako mwenyewe akague. Fundi aliyeletwa na dalali anamtumikia dalali.

Baada ya kununua

Pikapu hizi hubeba takribani tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100. Ukipakia 20 kwa sababu "linavuta", unavunja springi na chesi ile ile uliyoikagua kwa nyundo. Na gunia la lumbesa ni zaidi ya gunia moja, lihesabu hivyo.

Marafiki watacheka gari lako lina mikwaruzo. Waache wacheke. Mwenye gari la mikwaruzo na milioni 4 za akiba atafika sokoni msimu ujao, na msimu unaofuata.