NYUMBA KUUKUU SI NYUMBA MFU



Wako mabwana wasemao kwamba ghorofa kuukuu za vyuo vikuu hazifai tena, afadhali zibomolewe yajengwe majumba mapya ya vioo. Sisi twasema sivyo. Zitengenezwe, na mafundi walipwe haki yao.

Karakana ya reli imetufunza jambo hili. Behewa likichakaa halitupwi. Fremu yake hukaguliwa. Ikiwa nzima, magurudumu huchongwa, breki hutengenezwa, nalo hurudi njiani. Injini ya mvuke nambari 5918, Mount Gelai, ya mwaka 1955, ililala miaka mingi katika Makumbusho ya Reli Nairobi, kisha mafundi wakaitengeneza ikatoa moshi tena.

Ghorofa la zege ni hivyo hivyo. Mifupa yake hudumu. Kinachokufa kwanza ni mabomba, nyaya, lifti, madirisha na paa. Basi badili hivyo! Wapimaji waseme kwanza kama nguzo ni nzima. Na Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700, hewa yake ni baridi: dirisha linalofunguka na kivuli juu yake hufanya kazi bila umeme. Jumba la vioo lililofungwa laomba mashine ya kupoza hewa mchana kutwa. Nani atalipa bili? Mzazi wa mwanafunzi, ambaye ni mimi na wewe.

Tena saruji mpya huchomwa kwa moto mkali, nayo duniani kote hutoa kama asilimia 7 au 8 ya gesi ya kaboni itokayo kwa kazi za binadamu. Zege lililosimama limekwisha kulipiwa moshi wake. Kulivunja bila sababu ni kulipa mara mbili.

Jengo Kuu la Makerere, la mwaka 1941, liliungua Septemba 2020. Waganda hawakulibadili kuwa sanduku la vioo. Lilijengwa upya kwa sura yake ileile, likafunguliwa tena mwaka 2024.

Lakini ndugu, tusilale. Neno "kutengeneza" laweza kuficha hila. Muthurwa, mwaka 2010, nyumba za reli zilianza kubomolewa watu wakiwa ndani, wengine wao wazee waliostaafu reli. Walikwenda kortini, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki yao ya makao ilivunjwa. Aliyekaa ndani ya jengo ndiye wa kuulizwa kwanza, si wa mwisho.

Nasi wa Umoja twazijua ghorofa. Twapanda ngazi na mitungi ya maji kwa kuwa lifti hakuna. Asiyeweza kutembea afanye nini? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa haki ya kufika kila mahali.

Kwa hiyo twadai:

1. Kabla ya kubomoa, hesabu ya kutengeneza itolewe hadharani.

2. Fundi asiguse paa la asibesto bila kinga na mafunzo. Sheria ya Usalama Kazini ya 2007 yamlinda. Vumbi lile huua mapafu baada ya miaka, kontrakta akiwa amekwisha kwenda zake.

3. Vibarua waandikwe kwa mkataba, na vijana wa vyuo vya ufundi wafunzwe papo hapo.

4. Lifti na maji kwanza, marumaru baadaye.

Tuliyoyajenga kwa jasho yasivunjwe kwa tamaa.